Vuli ya kamusi na mvua ya Edinburgh: kujiandaa kwa safari ya Oktoba

Kabla sijaondoka Mtwara kwenda Edinburgh, Scotland, kwa mafunzo ya wiki tatu mwezi Oktoba, nilifungua kamusi nikakuta majira ya huko yametafsiriwa kwa neno moja: vuli. Neno hilo lilinipotosha. Vuli inayotajwa katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni mvua za Oktoba hadi Desemba, tena si mvua zetu, kwa kuwa Mtwara na Lindi zina msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Majira ninayoyaeleza hapa ni yale ya majani kupukutika, na kinachomtesa mgeni katika majira hayo, kuliko hata baridi yenyewe, ni kubadilika kwa hali ya hewa mara kadhaa ndani ya siku moja.

Sisi wa pwani ya kusini tumelelewa na pepo mbili. Kusi ikianza, mvuvi wa Mikindani anajua kwamba itavuma kwa miezi, na kaskazi nayo ikishika zamu huwa vivyo hivyo, kwa hiyo hatuna mazoea ya kutoka asubuhi tukiwa na shaka juu ya jioni. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa hufuatana kutoka bahari ya Atlantiki, kila mmoja ukija na mawingu, mvua na upepo wake, kisha ukaacha jua la saa chache kabla ya mwingine kufika. Nilikuwa nimesoma kwamba wastani wa Oktoba ni kama nyuzi joto 13 mchana na 7 usiku, nikanunua koti moja nene la pamba, nikaamini kwamba nimemaliza maandalizi.

Siku ya tatu nilitoka jua likiwaka. Saa sita mchana mvua ilinyesha kwa ubavu, upepo ukaupindua mwavuli wangu na kuvunja mbavu zake mbili, na koti likanyonya maji hadi likanielemea mabegani. Nilipoingia darasani, ambako mitambo ya kupasha joto ilikuwa imewashwa, nilianza kutoka jasho ndani ya nguo iliyolowa, na sikuweza kulivua koti kwa sababu chini yake nilikuwa na shati jepesi tu. Lilichukua siku mbili kukauka, na kwa siku hizo mbili sikuwa na koti lingine.

Ushauri wangu mkubwa unatokana na siku hiyo: ligawe joto lako katika nguo tatu unazoweza kuvua na kuvaa njiani, yaani fulana ya mikono mirefu inayoshika mwili, sweta ya sufu (manyoya ya kondoo), na juu yake koti jepesi lenye kofia lisilopitisha maji wala upepo. Joto hutunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Pamba ikilowa hujaa maji na hewa hiyo hutoweka, ilhali sufu hubaki na joto kiasi hata ikiwa imelowa. Mwavuli uache nyumbani.

Koti la namna hiyo si lazima ulinunue ughaibuni kwa bei ya kuumiza, maana katika mitumba ya hapa kwetu, na zaidi Kariakoo, linapatikana kwa bei nafuu kwa kuwa wanaolihitaji ni wachache. Ligeuze ndani nje uitazame mishono: ikiwa imezibwa kwa utepe na utepe haujaanza kubanduka, hilo ni koti la mvua la kweli. Ukifika nyumbani, mwagia kikombe cha maji begani, subiri dakika kumi, kisha pitisha mkono kwa ndani. Viatu navyo viwe vimefunikwa na vyenye soli ya kushika, kwa sababu majani yaliyolowa huteleza sana.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni jua. Mwanzoni mwa Oktoba lilikuwa likizama karibu saa 12:45 jioni, lakini kila siku lilitangulia kwa dakika mbili na nusu hivi, na Jumapili ya mwisho ya mwezi saa za nchi nzima zilirudishwa nyuma kwa saa moja, hivyo ghafla likawa linazama kabla ya saa 11 jioni. Anayeswali asitegemee nyakati alizoziandika siku aliyofika, na anayepiga simu nyumbani akumbuke kwamba tofauti na Tanzania hutoka saa mbili na kuwa saa tatu.

Mafuta ya nazi pia yatakushangaza. Huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chupa yangu iliganda yote usiku wa kwanza, kwa hiyo beba mafuta ya mgando kwa ajili ya midomo na mikono.

Kila asubuhi soma utabiri wa saa kwa saa wa Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, ambayo hutoa tahadhari za njano, rangi ya machungwa na nyekundu, na tangu 2015 huzipa dhoruba kubwa majina. Tahadhari ya rangi ya machungwa ikitolewa, ahirisha safari ya treni hata kama tiketi umeshalipia.

Koti na sweta vikae katika begi la mkononi, kwa kuwa begi kubwa linaweza kuchelewa. Langu lilichelewa siku nzima. Koti la mvua nililonunua baadaye sasa liko kwa binti wa jirani yangu hapa Shangani, ambaye anaondoka mwezi ujao, na nimeshamwonyesha mahali ambapo zipu hukwama.