Ukiambiwa umzungumzie marehemu wa mtaani usianze na "alikuwa mtu wa watu"

Jamani leo niandike kitu nilichojifunza kwa aibu kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Paisley huku Scotland mwaka wa tisa sasa, nafanya kea, yani naenda majumbani kwa wazee asubuhi, namwamsha mtu, namwogesha, chai, dawa, naaga naenda kwa mwingine. Paisley iko jirani kabisa na Glasgow, treni dakika kumi na kitu umefika, wenyeji wanajiita Buddies. Na kama unasema hujawahi kuusikia huu mji basi katoe kanga yako yenye lile umbo la korosho, huku umbo hilo linaitwa paisley, kwa sababu wafumaji wa hapa karne ya 19 walifuma shali za kuigiza zile za Kashmir mpaka jina la mji likagandia kwenye ua.

Sasa mwaka wangu wa pili hapa alifariki mzee mmoja, kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa shule barabarani, wale wenye koti refu la njano na fimbo yenye kibao cha duara juu. Kila mtu anamjua. Mimi nilivyosikia asubuhi nikafanya kama kwetu, nikapika pilau sufuria kubwa, nikajifunga kanga, jioni nikaenda kwa wafiwa nikijua nitakuta mkeka na watu wamejaa. Nikakuta mke wake na kijana wao wanaangalia tivii. Wananiangalia, nawaangalia, sufuria mkononi. Nikauliza mazishi saa ngapi, kijana akasema labda wiki ya tatu kuanzia leo, bado hawajapata nafasi. Huku kifo una siku 8 kukiandikisha serikalini, halafu ndio mambo mengine yanafuata, hakuna haraka ya kuzika kama sisi ambao ukifa asubuhi alasiri ushaswaliwa.

Pilau wakala lakini. Sufuria ilirudi imejaa teblet, ile sukari wanayopika na maziwa mpaka inaganda, tamu mpaka meno yanalia, kwa hiyo angalau kwenye hilo la kutorudisha chombo kitupu tuko sawa.

Aibu yenyewe ilikuja siku ya mazishi. Baada ya kuzika wanaenda hotelini, pai ya nyama, chai, wiski, na watu wanasimama mmoja mmoja kusema. Kijana wake akanigeukia akasema na wewe baba alikuwa anakusalimia kila siku, sema neno. Nikasimama nikaanza kama tunavyosoma wasifu wa marehemu kwetu: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye upendo, alimpenda kila mtu, pengo lake halitazibika. Watu wametulia, wanatikisa kichwa kwa adabu. Nikakaa. Akasimama mama mmoja nyuma yangu akasema yule mzee mvua ikinyesha alikuwa anageuza kile kibao kinakuwa mwavuli kwa mtoto wa mwisho kwenye foleni, yeye mwenyewe analowa, na alikuwa anamwita kila mtoto kwa timu ya mpira ya baba yake badala ya jina. Ukumbi mzima ukacheka halafu ukalia. Mimi maneno yangu hata mimi siyakumbuki vizuri, ya kibao nayakumbuka mpaka leo, na inaniuma kwa sababu mimi pia nilikiona kile kibao kwenye mvua! Nilikiona kwa macho yangu, nikaacha kukisema nikasema pengo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na karibu wote ndio huo. Mtu aliyekuwa maarufu mtaani, muuza samaki, kinyozi, dereva wa basi, mwalimu wa chekechea, sema kitu kimoja ulichomwona anafanya. Kimoja tu. Sifa kila marehemu anapewa, hata yule aliyekuwa anapiga watu, kwa hiyo zikishasomwa haujui kafa nani. Na usiogope kikiwa cha kuchekesha. Sisi tumezoea msibani ni uso wa huzuni, mtu akicheka anaangaliwa, ila ukikaa na wazee wetu usiku wa matanga saa saba za usiku wakati kahawa inazunguka, si wanaongea hayo hayo? "Unakumbuka alivyomkimbia ng'ombe"? Basi kiseme hicho hicho mchana.

Haya yote nilifundishwa zaidi na bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, jina lake silitaji. Siku ya kwanza aliniita "hen" nikanuna kimya kimya, yani mimi kuku? Kumbe huku ni kama kusema mwanangu. Ujana wake wote alifanya kazi kiwanda cha nyuzi, Paisley ilikuwa na viwanda vya nyuzi vikubwa duniani, Coats na Clark, hata cherehani nyingi za kwetu zimepitia nyuzi zao. Sasa huyu bibi kila asubuhi nikimvalisha ananishika kifungo cha yunifomu anakivuta, akiona kimelegea anasema huu uzi sio wa kwetu.

Bibi alikuwa ananihesabia marehemu wa Paisley kama anayehesabu majirani. Alianza na wa juzi, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka 1697. Mwaka huo watu saba walihukumiwa hapa kwa uchawi, chanzo ni mtoto wa miaka 11, Christian Shaw, aliyesema wanamtesa. Mmoja alifia gerezani, wengine wakauawa, mabaki yakazikwa njia panda ya Maxwellton na kiatu cha farasi juu yake kuwafungia wasirudi. Mpaka leo pana alama katikati ya lami, magari yanapita juu. Na yule mtoto alivyokua mkubwa ndiye anayetajwa kuanzisha biashara ya nyuzi huku. Bibi akawa anasema mimi miaka yote nimekula mkate wa yule binti na sijawahi kujua nimchukie au nimshukuru. Nikampenda kwa hapo. Hakutaka kumsafisha wala kumchafua, alimwacha hivyo hivyo.

Kuna mtu wao mwingine, Robert Tannahill, mfumaji aliyekuwa anatunga mashairi huku anafuma, ana sanamu pale karibu na Abbey, lile kanisa la kale la mjini. Alizaliwa 1774, 1810 akachoma karatasi zake akajitoa uhai kwenye mfereji, umri miaka 35. Na mji unaimba nyimbo zake bila kuficha alivyokufa. Hii nayo ichukueni. Sisi mtu akifa hivyo tunasema "aliugua ghafla", halafu watoto wake wanakua hawajui na mtaani kila mtu anajua. Sisemi utangaze, familia ndio inaamua, ila usiongeze uongo wako juu.

Lililomgusa bibi zaidi ni la Glen Cinema. Tarehe 31 Desemba 1929 mchana, siku ya mwisho wa mwaka, watoto wamejaa sinema, kopo la filamu likaanza kutoa moshi. Watu wakapiga kelele moto. Watoto wakakimbilia mlango ulio nyuma ya skrini, geti limefungwa, wakalaliana. Walikufa 71. Moto wenyewe mkubwa hata haukuwepo. Baada ya hapo sheria za majumba ya sinema Uingereza zikakazwa, milango ya kutokea ifunguke kwenda nje. Pale makaburi ya Hawkhead pana mnara wao. Sasa dada yake mkubwa bibi alikuwemo ndani siku hiyo akatoka mzima, na bibi alichokuwa anasimulia sio moshi wala maiti, ni kwamba dada yake maisha yake yote akiingia popote, kanisani, ukumbini, kwa daktari, lazima akae kiti cha pembeni na miguu imeelekea mlangoni. Ukimwona dada amekaa katikati jua ni picha ya kuchora, bibi alikuwa anasema hivyo.

Niligundua naenda nyumbani na hivyo vitu vinapotea njiani. Nikamwomba bibi ruhusa nikawa namrekodi kwenye simu, dakika tano tano wakati chai inapoa. Ukifanya hivi usimkalishe mzee kama kituo cha polisi umwambie haya nieleze historia, atakupa tarehe na majina ya mapadri. Mpe kitu mkononi. Mimi nilimpa kigurudumu cha uzi tu, yani kile cha mbao cha kuzungushia uzi, nilichonunua soko la vitu vya zamani, akaongea siku tatu. Na majina ya utani yaulize mara mbili, huku nusu ya mtaa ina ukoo mmoja, ukikosea utani umemzika mtu aliye hai. Niliwahi kumpa pole mama mmoja kwa msiba wa mume wake, mume akatoka jikoni kunisalimia. Tangu siku hiyo nasubiri nione tanzia kwenye gazeti, Paisley Daily Express wanazichapa, au nisikie kwa familia yenyewe ndio nafungua mdomo au kuandika popote.

Bibi mwenyewe alifariki Februari. Mazishi Hawkhead, na huku jeneza linashushwa kwa kamba zenye namba, familia inampa kila mtu kadi mapema yenye namba yake na mchoro wa wapi asimame. Mimi nilipewa namba 6, upande wa miguu. Kamba inateleza kwenye glovu, nilikuwa naogopa nisiachie.

Kwenye chai wakaniambia niseme. Safari hii nikasema tu kwamba kila asubuhi alinivuta kifungo akaniambia huu uzi sio wa kwetu. Nikakaa. Ukumbi ukalipuka, kumbe alikuwa anawafanyia wote, postamani, daktari, kasisi. Mpwa wake, mzee mzima wa miaka sabini, akasimama akafungua koti lake akatuonyesha kifungo cha tatu, uzi mwekundu kwenye koti jeusi, bibi alikishona mwenyewe na hakujali rangi.