Bahari niliyoivuka bila kulowa miguu

Mmeuliza wiki hii: ni chombo gani cha safari ambacho hakipo tena na bado unakiota? Najua barua nyingi zitakuwa za meli ya MV Mapinduzi, na wa Dar wataleta chai maharage zao, yale magari ya abiria ya zamani. Mimi nitakwenda mbali na kwetu. Ninayoiota ni hovakrafti iliyokuwa ikivusha watu kutoka Ramsgate, Uingereza, hadi Calais, Ufaransa, na ninaiota kwa sababu ya mama yangu, aliyepanda mara moja tu kwenda na mara moja kurudi.

Kwa vijana wasioijua: si boti na si ndege. Ni chombo kinachojipulizia hewa chini ya tumbo lake mpaka kinainuka, kisha kinakwenda juu ya hewa hiyo kama juu ya mto wa kulalia, majini au nchi kavu, kwake ni mamoja. Ubavuni kimezungushiwa pindo pana la mpira ili hewa isitoroke. Waingereza huliita pindo hilo sketi. Mama alipoliona likijaa upepo alisema, "Kumbe limevaa gagulo." Toka siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeita hovakrafti. Ilikuwa Gagulo.

Ilikuwa Julai 1979. Nilikuwa muuguzi London, nimejifungua mtoto wa kwanza, na mama alikuja kutoka Unguja kunilea uzazi. Arobaini ilipotoka akasema kazi yake kwangu imekwisha, sasa nimpeleke kwa mdogo wake. Mjomba alikuwa baharia, meli ikamtupa Antwerp, akaoa huko huko. Walikuwa hawajaonana tangu 1964.

Nauli ya ndege hatukuwa nayo. Meli ya kutoka Dover mama hakutaka hata kuisikia. Nisieleweke vibaya, hakuwa mwoga wa bahari. Amezaliwa Wete, na mkondo wa Pemba ameukata kwa jahazi mara nyingi kuliko mimi nilivyokata barabara ya Darajani. Alikuwa akisema bahari yenyewe haina neno, kazi ni kupanda na kushuka. Waliokulia visiwani kabla ya magati wanajua alichokisema. Jahazi limetia nanga kule, wewe uko huku, katikati maji ya kiuno. Umeshika mtoto, umejitwika furushi, buibui umelifunga kiunoni na bado linalowa. Mwenye pesa anabebwa na hamali begani. Usiye na pesa unaingia majini, kisha unakaa na chumvi mwilini mpaka Tanga. Sanduku la mama liliwahi kumponyoka hamali pale Wete, na ndani mlikuwa na nguo za harusi ya dada yake. Harusi ilisherehekewa kwa nguo zenye rangi mpya kabisa, maana kila moja ilichujia mwenzake.

Nikamwambia kuna chombo ambacho hakina kupanda wala kushuka. Akacheka, akaniuliza kama uzazi umenipanda kichwani.

Tukachukua tikiti ya basi kutoka London, hovakrafti katikati, basi jingine upande wa pili. Kituo kilikuwa Pegwell Bay, ghuba iliyo jirani na Ramsgate. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, na pale maji yakikupwa yanakupwa kweli: tope tupu, kijivu, mpaka macho yanachoka. Mama akasimama dirishani katika ukumbi wa abiria, akatazama muda mrefu.

"Leo mwezi ngapi?" akauliza.

Sikujua. Nani London anajua mwezi ngapi? Akaanza kuhesabu kwenye vifundo vya vidole kama anavyofanya mtu wa pwani akitaka kujua bamvua, yale maji makubwa yanayofuata mwezi wa angani, iko wapi. Akamaliza, akaketi, akatoa mkate wa kumimina kwenye kikapu. "Kula," akaniambia. "Maji hayarudi mpaka jioni. Hapa tutalala."

Hakuwa amemaliza kutafuna tuliposikia mngurumo. Mbali kwenye tope kulikuwa na kitu kama wingu jeupe la manyunyu, na ndani ya wingu hilo kitu kizito kikija mbio. Kilipita juu ya tope kama kilivyopita juu ya maji, hakikupunguza kwa ajili ya ufuo, kikapanda mteremko wa saruji, kikajigeuza taratibu mbele yetu, kikanyamaza. Gagulo likanywea. Mama alibaki na kipande cha mkate mkononi.

Ilikuwa ni moja ya zile kubwa, SR.N4, zilizoundwa Cowes kwenye Kisiwa cha Wight. Ilichukua zaidi ya abiria 270 na magari zaidi ya 30 kwa mpigo mmoja. Juu ya paa ilikuwa na mapangaboi manne, kila moja likikaribia mita 6 kutoka ncha hadi ncha, yakizungushwa na injini nne za Rolls-Royce Proteus, jamii ile ile ya injini zilizorusha ndege za Britannia. Ndiyo maana wenyewe walikataa kusema "safari ya boti". Walisema tunaruka, na tikiti zilikuwa na namba za kuruka.

Na asili ya dude lote hilo ni makopo mawili. Mhandisi Christopher Cockerell, katika miaka ya 1950, alichukua kopo la chakula cha paka akalitia ndani ya kopo la kahawa, akapuliza hewa ipite kwenye mwanya baina yao, akapima nguvu yake kwa mizani ya jikoni. Kitu cha kwanza kilichotoka kwenye fikra hiyo kilivuka kutoka Calais hadi Dover tarehe 25 Julai 1959, kwa muda wa saa mbili na ushei, na Cockerell mwenyewe alikuwa nje juu ya sitaha, akisogea huku na huku kusawazisha uzito. Nilipomhadithia mama, alichoshangaa ni kwamba mkewe alikubali mizani yake ichezewe.

Sasa niseme ukweli ambao wenzangu wanaoikumbuka huuficha. Haikuwa raha. Siku hizi nasikia watu wakisema "ilikuwa kama kuelea". Hao walipanda siku ya shwari, au hawakupanda. Siku yenye mawimbi ilikuwa kama kupanda gari la ng'ombe kwenye barabara ya mawe, huku mtu anakutwangia karafuu sikioni. Dirishani huoni kitu, kote ni manyunyu ya chumvi. Nimevuka na chombo kile mara sita, na bahari yenyewe nadhani niliiona mara moja. Huruhusiwi kuzurura. Wasichana wahudumu, wamevaa kama wa ndegeni, walikuwa na dakika 40 tu za kuuza sigara na manukato yasiyo na ushuru kwa abiria wote wale, kwa hiyo walikwenda mbio huku wameshika viti, na chenji yako ukiipata ni bahati. Kahawa niliyonunua niliigawana na nguo yangu.

Mama alikuwa kimya, tasbihi mkononi. Kati yetu na Calais kulikuwa na fungu la mchanga liitwalo Goodwin, ambalo kwa karne nyingi limekuwa kaburi la meli. Mabaharia wa pale hulitaja kama wetu wanavyotaja miamba ya Nungwi. Sikumwambia mpaka tulipofika.

Kufika ndiyo habari yenyewe. Mngurumo ulipopungua na chombo kikaanza kukaa chini, mama aliinuka. Akavua viatu, akavitia kikapuni. Akapandisha buibui lake juu ya koti la baridi nililomnunulia, akalifunga fundo kiunoni. Kisha akaninyang'anya mtoto. "Wewe bado mbichi," akasema, "usiingie majini." Akamkweza begani, juu kabisa karibu na sikio, vile watoto wa Wete wanavyovushwa.

Mlango ulipofunguliwa alitoka hivyo, amebana miguu akisubiri baridi ya maji. Akakanyaga saruji kavu. Akasimama, watu nyuma yetu wakasimama pia. Akaigonga saruji kwa kisigino mara mbili. Mhudumu mmoja akamuuliza kwa Kiingereza kama anaumwa, na mimi nilishindwa kutafsiri kwa sababu nilikuwa nacheka mpaka machozi.

"Bahari imekwisha?" akaniuliza.

"Imekwisha, mama."

"Na pwani yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Pwani tulikuwa tumeipita tumekaa, tumefunga mikanda. Akatembea peku, buibui limefungwa kiunoni, mjukuu begani, mpaka mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Kifaransa. Yule bwana akatazama miguu yake, akatazama pasipoti, akagonga muhuri bila swali hata moja.

Aliudhika na kicheko changu, akanuna. Basi lilikuwa limeshavuka mpaka wa Ubelgiji ndipo akasema kitu, na hakusema kwa hasira. Alisema bibi alipougua, kabla mimi sijazaliwa, walitaka kumpeleka hospitali ng'ambo. Wanaume wanne walimbeba na kitanda chake cha kamba hadi maji ya kifua, wimbi likaja, wakamrudisha. Wakangoja maji yajae. Yalipojaa bibi hakutaka tena kubebwa. "Angepata hili gagulo," akasema mama, akageukia dirisha.

Aliporudi Unguja akaenda kuyasimulia barazani, na hakuna aliyemwamini. Bibi mmoja jirani alimkatiza: kama hukulowa, hukuvuka. Walibishana miaka.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Mwaka 1981 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana ziliunganishwa kuwa Hoverspeed, mwaka uliofuata kituo cha Pegwell Bay kikafungwa, safari zote zikahamia Dover. Huko ndiko nilikopanda mara zangu za mwisho, katika zile mbili zilizorefushwa hadi kubeba watu 418 na magari 60, The Princess Margaret na The Princess Anne. Hii ya pili, mwezi Septemba 1995, ilivuka kwa dakika 22, na hakuna hovakrafti ya abiria na magari iliyowahi kuishinda. Lakini njia ya reli chini ya bahari ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1994. Mwaka 1999 bidhaa zisizo na ushuru zikaondolewa baina ya nchi za Umoja wa Ulaya, na wale wasichana wakawa hawana tena cha kukimbilia. Chombo chenyewe kilikuwa kizee, na kilikunywa mafuta bila haya. Mafuta hayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Mwaka ule ule tuliosafiri, watu kwetu walipanga foleni na chupa mkononi wapate ya kuwashia kibatari, nami nilikuwa nimekaa juu ya injini nne zinazoyabugia kuniwahisha Calais. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Oktoba 2000. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, miaka miwili kabla.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ningetaka zirudi, hapana. Masikio yangu yalishatoa mchango wao.

Ila hazikufa zote. Kutoka Southsea kwenda Ryde, kwenye Kisiwa cha Wight, bado ipo huduma ya hovakrafti ndogo za abiria tangu 1965, na safari haifiki hata dakika kumi. Mwaka 2018 nilimpeleka mjukuu wangu, mtoto wa yule aliyevushwa begani. Alikuwa na miaka saba. Pale Ryde maji yakikupwa mchanga unatanda kama Pegwell, na pembeni kuna gati refu la mbao na chuma linalokwenda mbali baharini, la mwaka 1814. Nilisoma kwa nini walilijenga. Kabla yake, abiria waliofika maji yamekupwa waliteremkia mchangani, wakatembea kwenye unyevu, au walibebwa na hamali migongoni. Waingereza! Wenye kofia zao. Nilitamani nimpigie simu mama dakika ile ile.

Hovakrafti ilipanda ufuoni, ikakaa. Mtoto alikuwa amevua viatu, kama watoto wanavyofanya wakikalishwa. Alipoinama kuvitafuta nikamwambia avishike tu mkononi. Tukashuka hivyo hivyo, yeye peku, mimi nimeshika pindo la gauni.