Usaili wa Sekondari: Mwandae Mtoto kwa Swali la Pili

Juzi mama mmoja ameniandikia ujumbe: "Dada, binti yangu ameitwa kwenye usaili wa kujiunga na sekondari, zimebaki siku tisa. Nimemwandikia majibu ya maswali 30, anayakariri kila usiku. Kuna kingine cha kuongeza?" Niliusoma mara mbili na moyo ukanienda mbio, maana mtoto huyo ni mimi mtupu.

Ujumbe wake umenikuta katika furaha. Wiki tatu zilizopita binti yangu wa kwanza alipata barua ya kukubaliwa katika shule aliyokuwa akiiota tangu akiwa mdogo. Ameingia kwa usaili, na tulijiandaa pamoja, mimi na yeye. Kwa hiyo nina la kusema, na nitaanzia mbali kidogo.

Nilikuwa na miaka 14. Darasani nilikuwa wa pili, na mtihani wa kuandika wa shule niliyoiomba nilikuwa nimeufaulu. Kilichobaki ni kukaa mbele ya jopo. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyesoma kuliko wote nyumbani, alichukua daftari jipya akaniandikia maswali na majibu yake. Kwa nini unataka kusoma hapa? Mistari sita. Unapenda kufanya nini ukiwa na nafasi? Mistari minne. Nilikariri daftari lote. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutiririshia bila kukosea hata neno.

Chumbani palikuwa na meza ndefu na watu watatu. Wa katikati alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, fomu yangu ikiwa mbele yake. Maswali mawili ya mwanzo niliyajibu kama maji. Kisha akashusha macho kwenye fomu. "Umeandika unapenda kusoma. Karibuni umesoma kitabu gani?" Nikataja kitabu kilichokuwa kwenye daftari. Akatabasamu. "Vizuri. Humo ndani, ni nani aliyekukera?"

Sikuwa nimekisoma. Aliyekisoma ni mjomba. Nikainamisha macho kwenye ukingo wa meza, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka ikaacha alama mfano wa jani, na alama ile naiona mpaka leo. Nikamrudishia jibu lile lile la mwanzo. Mama yule alinisubiri kwa upole kabisa, halafu akaisogeza fomu yangu kando. "Una swali la kutuuliza?" Nikasema hapana, asante. Natoka, mlango haujajifunga vizuri, nikamsikia mmoja wao akisema, "Huyu kakaririshwa."

Orodha ilipotoka jina langu halikuwamo. Nilisoma kwingine, nikafika nilikofika, na namshukuru Mungu. Lakini neno lile linaniuma hadi leo, kwa sababu lilikuwa kweli na bado halikunitendea haki. Miaka ile kila jioni nilikuwa nikiwafundisha wadogo zangu wawili hesabu kwa vifuniko vya chupa. Nilikuwa nimebuni mwenyewe namna ya kuwaeleza kugawanya mpaka mdogo wetu wa mwisho akaacha kulia akiona daftari. Hayo jopo halikuyasikia. Hayakuwa kwenye daftari la mjomba, na mimi sikujua kuwa yana thamani.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba England mwongozo wa udahili unazikataza shule za umma kuwasaili watoto au wazazi wao ili kuamua nani apate nafasi. Zenye bweni tu ndizo zinazoruhusiwa kumpima mtoto kama anafaa kuishi bwenini. Nakiri niliposoma hayo machozi yalinilengalenga. Ila mtoto wako akishaitwa, ameitwa. Tumwandae.

Sasa sikilizeni, wazazi wenzangu na ninyi wanafunzi mnaosoma hapa. Maswali ya kwanza ya usaili yanafanana karibu kila mahali: jitambulishe, kwa nini shule hii, somo gani unalipenda, lipi linakusumbua, tueleze jambo gumu lililokupata. Wanaosaili wanajua fika kwamba mtoto amekuja na majibu ya hayo. Dakika ni chache, mara nyingi 15 mpaka 30, na wanatafuta njia ya kumfikia mtoto mwenyewe nyuma ya yale majibu. Njia yao ni swali la pili. Ukisema unapenda sayansi, utaulizwa ni kitu gani cha sayansi kilikushangaza. Ukisema wewe ni kiongozi, utaulizwa siku ambayo wenzako walikukatalia. Swali la pili halina daftari.

Kwa hiyo kwa binti yangu sikuandika jibu hata moja. Jioni tukiosha vyombo nilikuwa namuuliza swali moja la kawaida, yeye anajibu, halafu namuuliza: "Kwa nini?" Au: "Nipe siku moja ilipotokea." Au: "Wewe ulifanya nini?" Siku za kwanza alikasirika. Siku moja aliweka sahani chini akaniambia, "Mama, unanihoji kama polisi." Nikanyamaza, kesho yake nikaendelea. Kufika wiki ya pili alikuwa ameanza kusimulia. Niligundua kwamba mtoto akishapata tukio moja la kweli lenye mahali, mtu na neno lililosemwa, hahitaji kukariri tena. Analiona, analisema.

Jambo lililonitisha ni ripoti yake. Muhula mmoja alipata 38 katika hesabu. Ndugu mmoja akanishauri nimfundishe kusema alikuwa mgonjwa. Nilikataa, na nakataa tena hapa mbele yenu. Ripoti iko mezani, wanaisoma kabla hajaingia, na alama inayoshuka ndiyo ya kwanza kuonekana. Nikamuuliza binti yangu kulitokea nini, nikanyamaza kimya. Alikaa muda mrefu. Kisha akaniambia kuwa kuna siku aliuliza swali darasani wenzake wakamcheka, tangu hapo hakunyoosha mkono tena. Mwaka mzima mimi mamaye sikulijua hilo! Usaili ndio ulionifanya nimsikie mwanangu. Tukaelewana atasema hivyo hivyo, na atasema alichofanya baadaye: kila Jumamosi alichukua mtihani wa zamani akarudia yale tu aliyokosa, na yaliyomshinda akampelekea mwalimu baada ya kipindi, wenzake wakiwa wameshatoka.

Waliuliza. Lilikuwa swali lao la tatu.

Kuhusu woga, hapa nina ushauri ambao sikuutunga mimi. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio aliyowafanyia watu kabla ya kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu. Waliojiambia wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mwili ukishachemka si rahisi kuupoza, lakini unaweza kuupa jina jingine. Kwa hiyo nilimkataza kila mtu nyumbani kumwambia "tulia, usiogope". Asubuhi ile tukiwa kwenye benchi, magoti yake yakicheza, nilimwambia, "Hiyo ni hamu ya kuingia." Akalirudia mwenyewe kwa sauti ndogo, "Nina hamu."

Mambo ya kawaida mnayajua: kufika mapema, nguo safi, barua ya kuitwa pamoja na vyeti halisi na nakala zake katika bahasha moja. Na fomu ya maombi asomeshwe upya usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu maswali yao wanayachimba humo. Kama fomu inasema anapenda kuogelea na hajui kuogelea, mtajuta.

La wazazi ndilo gumu. Sisi tuliitwa ndani pamoja, na shule nyingine humwita mzazi peke yake. Mwalimu mmoja alimuuliza binti yangu anashindwa nini katika kuishi na wenzake, akachelewa kujibu. Nililijua jibu, lilikuwa limefika ulimini. Nilibana midomo, nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Zilipita sekunde ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Kisha akasema, "Nikikasirika sisemi. Nanyamaza mpaka mtu aanze kuogopa." Baadaye wakaniuliza mimi ni nini kinachomfurahisha, nikasema kuchora, na yeye pale pale akanirekebisha kwa adabu: "Samahani mama, nilikuwa napenda. Siku hizi napenda kutengeneza vitu vilivyoharibika." Wakamgeukia yeye, wakaanza kumuuliza kuhusu redio aliyoifungua na kuiunganisha tena. Mimi nikawa mtazamaji. Mzazi mwenzangu, ukibahatika kuwa mtazamaji katika chumba kile, kubali! Kila neno unalomjibia mtoto linawafundisha wale watu kwamba bila wewe hana sauti. Tunawapenda watoto wetu mpaka tunawanyima midomo yao. Nasema kwa uchungu kwa sababu mjomba naye alinipenda.

Basi mama uliyeniandikia, siku tisa zinatosha. Yale majibu 30 yafunike. Usimlaumu binti yako kwa kuyakariri, alikutii. Leo jioni muulize jambo moja tu ambalo amewahi kulifanya bila kuagizwa na mtu, kisha muulize la pili, na ukae kimya hata kama kimya kinakuchoma. Na mwambie atafute swali moja la kuwauliza wao, swali ambalo kweli anataka jibu lake, kwa sababu mwishoni watampa nafasi hiyo.

Mimi nilisema hapana, asante. Binti yangu aliuliza, "Mwanafunzi akifeli somo hapa, kesho yake mnamfanyia nini?" Walitazamana. Mwalimu mkuu akavuta kiti chake mbele, akaanza kumweleza kuhusu masomo ya jioni na mwalimu anayeyasimamia, na muda wetu ulipokwisha bado alikuwa anaeleza.