Jahazi langu limefika, na wifi ameliona

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, umeme umekatika na taa ya sola imekaa juu ya ndoo, nilikata uzi wa mwisho wa jahazi langu, picha niliyokuwa nadarizi kwa mkono. Miaka miwili na miezi saba. Sikupiga vigelegele kwa sababu watoto walikuwa wamelala, lakini moyoni nilivipiga.

Asubuhi nikatuma picha. Kabla ya adhuhuri dada mmoja akaniandikia: "Dada hongera. Mimi kitambaa changu nilikianza nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, sasa yuko darasa la pili. Wewe muda unaupata wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nina foronya iko uvunguni tangu 2014.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: ni ule mshono wa msalaba tuliofundishwa kwenye kipindi cha sayansi kimu, ule wa mashuka yenye maua na maneno "Usiku Mwema". (Bibi yangu, mtu wa swala tano, jina hilo hakulitaka. Yeye aliuita mshono wa zidisha.) Ila siku hizi sichori kitu kwenye kitambaa. Nafuata chati ya visanduku, na kila kisanduku chenye rangi ni msalaba mmoja. Jahazi langu lina visanduku 140 kwa upana na 112 kwa kimo. Kitambaa ni cha aina ya Aida, namba 14, yaani visanduku 14 kila inchi, kwa hiyo kazi yote ni inchi 10 kwa 8. Ndiyo, miaka miwili na miezi saba kwa kitu kidogo kuliko mto wa kochi. Cheka tu. Wifi yangu alikutangulia.

Ilikuwa kwenye kikao cha arusi ya shemeji. Nilikuwa nimekaa pembeni na kitambaa changu, nasikiliza michango inavyosomwa, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Wifi, wenzako wanafuga kuku, wewe unadunga sindano. Hiyo kazi ya wasio na kazi." Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, nikakunja kitambaa changu, na sikukigusa tena miezi minne. Nasema miezi minne kwa sababu nataka ujue kwamba aliyekutumia picha nzuri naye aliwahi kukunja kitambaa chake kwa aibu. Na kuku nimeshafuga. Walikufa kwa kideri wote.

Kilichonirudisha ni foleni. Naishi Kigamboni, kazi yangu iko ng'ambo, mjini, na kila siku nasubiri pantoni kwenda na kurudi. Siku moja nikajipigia hesabu. Kwa kuwa mbingu nimeiacha nyeupe, misalaba yenyewe ilikuwa kama elfu tisa. Ukishona kumi tu kwa siku, kwa miaka miwili na nusu umemaliza. Kumi ni dakika tano, na mimi dakika tano nilikuwa nazisimamia bure kila asubuhi, nikitazama visogo vya watu.

Basi nikachukua pochi ya zipu iliyokuwa ya vipodozi. Ndani yake sindano moja, ile butu ya kazi hii, ambayo hata pantoni ikiyumba haikuchomi. Mkasi mdogo. Kipande cha chati, si chati nzima. Na uzi wa rangi moja. Rangi moja, dada yangu. Ukibeba rangi sita utashinda unachagua.

Nilijiona nimeshinda, kumbe bado. Mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabia visanduku humohumo kwenye foleni. Mara muuza korosho amepita, mara jirani ananisalimia, nami siwezi kumjibu mtu "shikamoo" yake huku nimeshikilia thelathini na saba kichwani. Nikaruka kisanduku kimoja. Kimoja tu. Sikujua mpaka wiki tatu baadaye, nilipofika juu na mlingoti ukakataa kukutana na foromali, ule mti unaoshika tanga. Tanga zima lilikuwa limesogea kushoto. Kufumua wiki tatu za kazi kunachosha kuliko kushona, na unafumua peke yako usiku, huna hata wa kumlaumu.

Tangu hapo nina sheria, na kama utachukua kitu kimoja kwangu chukua hiki: kuhesabu ni nyumbani, kujaza ni njiani. Alfajiri kabla watoto hawajaamka nahesabu mpaka wa sehemu moja, ubavu wa jahazi tuseme, na kuuzungushia misalaba ya pembeni. Kwenye pantoni najaza ndani, hata macho yakiwa kwa kondakta wa daladala. Pia nimepitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine kila baada ya visanduku kumi, kwenda na kupanda, kama ile mistari minene ya kwenye chati. Ukikosea, unakosea ndani ya kumi, si ndani ya mia.

Na uzi ukate dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Tunaokata mrefu tukidhani tunaokoa muda, nusu ya muda huo tunafungua mafundo. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake. Kwa namba 14 chomoa mbili.

Mengine unayajua. Nawa mikono ukitoka kwenye maandazi. Lakini ngoja niseme, hata kama mtanikasirikia: wengi wetu muda tunao. Ninaona pale kwenye foleni, wanawake wazima tumeinamia simu, tunatazama arusi za watu tusiowajua, halafu tunarudi nyumbani tunasema siku ilikuwa fupi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, kwa hiyo sisemi kwa kujisifu. Au kidogo nasema kwa kujisifu. Beba pochi. Rangi moja.

Jumanne wifi alikuja kumwona kaka yake. Jahazi liko ukutani, kwenye fremu, fundi kanitoza elfu kumi na tano. Akasimama mbele yake na mkoba begani. Akasogea, akagusa kioo. "Hiki mmekinunua wapi?"

"Kwenye pantoni," nikamwambia, nikaingia jikoni kumtengea chai.

Sasa wewe dada wa darasa la pili. Leo hii, kabla ya kununua uzi wowote, kitoe hicho kitambaa na chomoa sindano. Najua umeiacha imo, wote tunaiacha, na unyevu huu wa pwani hauisamehi: inashika kutu na doa la kutu halitoki kirahisi. Ringi ya kubania kitambaa nayo iondoe, inaacha alama ya duara. Kama kutu imeshaingia, usikitupe. Tafuta kwenye chati sehemu ya rangi nzito, ukiweza pima upya katikati ya picha yako ili doa liangukie hapo. Langu doa liko chini ya omo, ile sehemu ya mbele ya jahazi, kwenye mbao za kahawia. Wifi alikuwa na pua yake juu ya kioo na hakuliona.