Jibu: Msanifu wa kiolesura aingie wapi kwenye ajaili?

Kaka, umesema timu yenu inafuata ajaili, yaani kutengeneza programu kwa mizunguko mifupi mifupi, na inafunga mzunguko wa wiki mbili huku msanifu wa kiolesura, yule anayepanga skrini za programu, bado anachora, na wenzake wanamlaumu. Mimi naona kosa si lake, ni la ratiba. Mtangulizeni mzunguko mmoja. Wakati wengine wanaandika msimbo wa mzunguko wa tatu, yeye achore na kupima skrini za mzunguko wa nne, na awaonyeshe watumiaji kilichotoka kwenye wa pili. Ndivyo Lynn Miller alivyoeleza mwaka 2005 kuhusu timu yake ya Alias, kampuni ya programu kule Toronto, Kanada, iliyotengeneza SketchBook Pro, programu ya kuchorea. Mzunguko wa kwanza kabisa, waandishi wa programu wapeni kazi zisizo na skrini nyingi, kama hifadhidata.

Halafu aanze na karatasi, tafadhali! Sisi tulimpelekea mama mmoja mwenye duka mchoro wa penseli wa skrini ya kuuza kwa mkopo. Akaweka kidole kwenye "Hifadhi", akasita, akauliza: "Sasa hili deni la nani?" Jina la mteja tulikuwa tumeliweka chini kabisa, hata hakuliona. Tukafuta kwa raba palepale, tukalipandisha juu.

Ila kutangulia kusiwe kujitenga. Kila asubuhi asimame na timu kwenye kile kikao kifupi, na mwandishi mmoja wa programu aende naye kwa watumiaji. Mwandishi huyo akishamwona kwa macho yake mtu anakwama, hambishii tena msanifu.