Kabla hujatia sahihi ya upasuaji

Ukilazwa hospitali yoyote hapa Mombasa, ya serikali au ya watu binafsi, ukisubiri upasuaji, kuna karatasi utaletewa utie sahihi. Ushauri wangu ni huu: ikiletwa na mtu asiyeweza kukujibu maswali, mrudishie kwa heshima na umwambie unamsubiri daktari atakayekupasua. Hutafukuzwa. Labda utanuniwa kidogo, lakini kununiwa hakuui.

Shangazi yangu wa Kisauni alikuwa na uvimbe wa kizazi. Kila mwezi damu ilimtoka nyingi hata ikabidi aongezwe damu nyingine. Jioni ya kuamkia upasuaji akaletewa fomu, Kiingereza kitupu. Palipoachwa nafasi ya kueleza aina ya upasuaji, mtu alikuwa ameandika kwa mkono herufi TAH, kisha alama ya kujumlisha iliyokaa juu ya mstari wa kutoa, kisha BSO. Shangazi akauliza ni nini. Sista, binti mdogo aliyeachiwa wodi nzima peke yake, akamjibu, "Ni kutoa uvimbe tu, mama."

Haikuwa kutoa uvimbe tu. TAH ni kuondoa kizazi kizima kwa kupasua tumbo. BSO ni kuondoa vifuko vya mayai vyote viwili pamoja na mirija yake. Na ile alama katikati ina maana kwamba hilo la pili daktari ataliamua akishafungua, mgonjwa akiwa amelala. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi akiondolewa vifuko vyote viwili, hukoma hedhi ghafla: joto la kumvuruga usiku, usingizi kuruka, mifupa kuanza kudhoofika mapema. Jambo kubwa kama hilo lilikuwa limejificha kwenye herufi tatu.

Tukaomba daktari aje. Alikuja asubuhi, akavuta kiti, na kusema kweli alieleza vizuri kuliko tulivyotarajia. Alisema inawezekana kutoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi, ila uvimbe unaweza kuota tena. Kuna dawa za kupunguza damu. Kuna hata kusubiri, kwa kuwa uvimbe wa aina hii kwa kawaida husinyaa hedhi ikishakoma, lakini kwa damu aliyokuwa akipoteza, kusubiri kungekuwa na hatari yake. Shangazi ana watoto wakubwa na hana haja ya mwingine. Akasema, "Daktari, kizazi toa. Vifuko kama ni vizima, niachie." Fomu ikaandikwa upya bila ile alama wala BSO, akatia sahihi mwenyewe. Mazungumzo yote hayakufika nusu saa.

Wala daktari hakuwa akiombwa hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kila inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Inampa pia haki ya kukataa, ilimradi aelezwe kukataa kwake kutaleta nini. Kwa hiyo usione haya kusema, "Daktari, niambie kwa Kiswahili." Uliza wataondoa nini hasa, na wakikuta jambo jingine ndani watafanyaje. Uliza usipopasuliwa itakuwaje. Uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani na wewe utabaki na deni gani, maana hilo ndilo linalowatoa watu jasho siku ya kuruhusiwa. Kisha mrudie daktari kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa. Ukikosea atakurekebisha papo hapo. Na mtu wa dawa ya usingizi ana mazungumzo yake mbali na ya daktari wa upasuaji. Mwambie dawa zote unazotumia, hata zile za mitishamba ulizonunua sokoni Kongowea.

Sasa niseme jambo ambalo halitawafurahisha wajomba. Mwanamke mzima mwenye akili timamu hutia sahihi yake mwenyewe. Nimeshuhudia fomu ikimpita mgonjwa aliyekaa kitandani macho makavu, ikapelekwa kwa mumewe nje kwenye benchi. Ushauri wa mume ni mzuri, na mimi ningemtaka wangu awepo, lakini mwili unaopasuliwa si wake. Mwaka 2022 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilimpa fidia mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyefungwa mirija alipokuwa akijifungua kwa upasuaji, bila ridhaa ya kweli. Hiyo ndiyo hatari ya watu wengine kujiona wanajua kinachokufaa.

Ndugu nao tuna letu. Mzee akikutwa na saratani, tunamvuta daktari pembeni: "Usimwambie, atakufa kwa hofu." Nawaelewa, lakini wazee wengi wanajua kuna kitu, wanaona nyuso zetu. Mzee asiyejua anachougua hawezi kukubali dawa wala kuikataa.

Dharura ni habari nyingine. Aliyegongwa na bodaboda akaletwa hajitambui, akicheleweshwa atakufa, daktari hapaswi kumsubiri mtu avuke feri kutoka Likoni aje kutia sahihi. Sheria inamruhusu aokoe maisha kwanza, isipokuwa kama mgonjwa mwenyewe alikwisha kukataa waziwazi matibabu hayo.

Na kama umeshafanyiwa jambo ambalo hukuelezwa, anza kwa kuomba nakala ya faili lako, pamoja na ile fomu. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa hospitali, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, Baraza la Madaktari, lile linaloitwa KMPDC, hupokea malalamiko ya wagonjwa.