Kabla hujapeleka hati ya mama yako benki kwa ajili ya gari la utalii

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ngaramtoni aliniandikia ujumbe. Ninaunukuu kwa ruhusa yake: "Kaka, shikamoo. Nimeshaongoza wageni miaka minne kwa magari ya watu. Benki wamenikubalia mkopo wa Land Cruiser na mama ameridhia niweke hati ya kiwanja chake. Msimu umerudi, kampuni zinatafuta magari mpaka zinakosa. Nichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa na swali lako siku nne. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi mwenyewe Februari 2019, neno kwa neno. Mimi sikuwa na mtu wa kumuuliza. Au niseme ukweli: nilikuwa naye, mke wangu, na sikumuuliza.

Nilikuwa nimeendesha magari ya watu miaka tisa. Serengeti naijua kuliko mtaa niliozaliwa. Nikaona imetosha kuwatajirisha wengine. Nilikuwa na milioni 38 za akiba, benki ikanipa milioni 60 nilipe kwa miezi 36, kila mwezi milioni 2 na laki 2. Gari nikalipeleka gereji likarefushwa chesisi, paa likafanywa la kuinuka, viti saba, friji, redio ya upepo. Wiki sita nilishinda gereji kama fundi. Siku niliyolitoa nilipita nalo Sokoine Road, nikauzunguka Mnara wa Saa mara mbili bila sababu yoyote, vioo vyote nimeshusha.

Na mwaka ule ulikuwa mzuri. Nchi nzima ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, na Arusha ndiyo mlango wao wa kwenda kaskazini. Julai na Agosti gari langu lililala nyumbani siku chache mno. Rejesho lilikuwa linatoka kabla tarehe haijafika. Ofisa wa mkopo alikuwa ananiita "bosi".

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Mimi sikuwa mjinga wa kutegemea kitu kimoja. Nilishasikia semina zote za ujasiriamali. Kwa hiyo nikafuga kuku wa mayai 400, wanatoa trei kumi kwa siku, hoteli moja ya Usa River inachukua zote. Nikamalizia vyumba viwili vya uani nikampangisha mpishi wa loji. Gari, kuku, nyumba ya kupangisha. Mafiga matatu, chungu hakiwezi kuanguka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia wenzangu, tena kwa kifua.

Tarehe 16 Machi 2020, Jumatatu, nilikuwa Ndutu na wageni wawili, mume na mke kutoka Ujerumani. Nyumbu walikuwa bado tele kwenye uwanda, ndama wanakimbia nyuma ya mama zao. Jioni kambini tukasikia kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona nchini amepatikana, na ameingia kupitia KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro. Usiku ule yule bwana hakulala, alikuwa nje anatafuta mtandao. Alfajiri wakaniambia safari imekwisha, wanataka uwanja wa ndege.

Tukapanda Ngorongoro, tukashuka Karatu, Makuyuni, Arusha, mpaka KIA, kimya. Nikashusha mabegi. Yule mama akatoa bahasha ya tipu. Siku zote mgeni hukupa mkononi, tena wengine hukukumbatia. Yeye aliiweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua mbili, akanipungia. Sikumlaumu na simlaumu. Lakini ile bahasha juu ya boneti naiona mpaka leo. Ilikuwa na dola 150, na ndizo dola za mwisho nilizoshika mpaka Agosti 2021.

Aprili ndege za kimataifa zikazuiwa. Mei 18 serikali ikafungua anga, watu wa mjini wakashangilia kama mambo yamekwisha. Sisi tulikuwa tumefungua, lakini kwao wageni kulikuwa bado kumefungwa. Uwe na nyumba nzuri kiasi gani, mgeni asiporuhusiwa kutoka kwake, utakaa na uji wako ukipoa. Mwaka ule nchi ikapata wageni laki sita na ushee, na sehemu kubwa ya hao walikuwa wa miezi ya mwanzo, kabla ya Machi.

Hoteli ikanipigia: usilete mayai. Nikasema sawa, nitauza mtaani. Kumbe kila mfugaji wa Usa River na Tengeru amepigiwa simu hiyo hiyo wiki hiyo hiyo. Trei zilijaa koridoni mpaka watoto wanapita kwa ubavu. Bei ikashuka mpaka haifikii chakula cha kuku. Juni nikawauza kuku wenyewe. Yule mpishi wa loji alikuja na mkewe, wamevaa kama wanaokwenda kanisani, kuniambia hawana kodi. Ningewafukuza waende wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa kwenye ndoo uani. Sikuwa na mafiga matatu. Nilikuwa na figa moja nimelibatiza majina matatu. Mgeni ndiye aliyekuwa analipa gari, ndiye aliyekuwa anakula mayai, na mshahara wa mpangaji wangu ulitoka mfukoni mwake yeye huyo huyo.

Nikajaribu kuuza gari. Sikiliza, mdogo wangu, hili benki hawatakueleza: gari la utalii likishakatwa na kurefushwa, halina kazi nyingine duniani. Huwezi kupakia mawe. Huwezi kuligeuza kifodi, daladala ya kwenda Sakina. Linakunywa mafuta. Na siku utakayotaka kuliuza kwa shida, kila mwenye gari kama lako naye anauza siku hiyo.

Nikang'oa viti vya nyuma. Shemeji yangu alikuwa anafanya biashara ya vitunguu Mang'ola, kule chini Eyasi, wanakomwagilia kwa maji ya chemchemi. Nikaanza kupakia magunia kwenye gari la watalii, nashusha soko la Kilombero, hapa hapa Arusha mjini. Mara ya kwanza nilifika usiku nikapaki mbali, nisionekane na madereva wenzangu. Harufu ya vitunguu iliingia kwenye dari, kwenye mikanda, kwenye zile kava za viti nilizozishonesha kwa fedha nyingi. Na bado ndicho kitu pekee kilichotulisha mwaka ule. Kwa nini? Kwa sababu kitunguu hakimsubiri mgeni. Mama ntilie wa Mianzini anakinunua, wa Dodoma anakinunua, na malori ya kwenda Nairobi yalipokwama mpakani Namanga madereva wakisubiri kupimwa, Arusha yenyewe iliendelea kupika.

Lakini faida ya vitunguu haikutosha kulipa milioni 2 na laki 2 kila mwezi. Februari 2021 gari likaenda mnadani. Likauzwa milioni 41. Yule ofisa aliyekuwa ananiita bosi hakupokea simu zangu hata moja. Salio la deni nililimaliza Novemba 2022, gunia kwa gunia. Gari lile lipo mjini, limepigwa rangi ya kijani. Nikilikuta kwenye foleni huwa naangalia upande mwingine.

Miaka iliyofuata sitakuchosha nayo. Vitunguu navyo vilinichapa msimu mmoja bei ilipoanguka, nikasimama tena. Leo mimi na mke wangu tuna Canter yetu, tunakodi ekari tatu Mang'ola, na msimu ukifika naendesha deiwaka, kibarua cha siku, kwa kampuni mbili zenye magari yao. Gari likiharibika Seronera ni lao. Nalala usingizi. Nasema hili kwa kujivunia, maana wapo walionicheka Kilombero, na wengine wao leo wananiomba niwaunganishe na wakulima.

Sasa unasema msimu umerudi. Kweli umerudi. Mwaka 2023 nchi ilipata wageni milioni 1.8, mwaka 2024 ikapita milioni 2.1, zaidi ya tulivyokuwa kabla ya corona. Ukikaa pale mjini Julai utahesabu kruza mpaka uchoke. Na ndiyo maana naogopa. Mji wetu umesahau haraka mno.

Wewe ni mdogo, pengine hukumbuki Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari. Ilikuwa hapa Arusha kuanzia 1995, majaji, wanasheria na wakalimani wamejaa. Watu walijenga nyumba Njiro kwa ajili yao, kodi inatajwa kwa dola, hakuna aliyetaka mpangaji Mtanzania. Mwisho wa 2015 ikafunga kazi yake, na kila mtu alijua miaka mingi kabla kwamba itafunga. Nyumba zikabaki na vibao vya "inapangishwa". Mwaka 2021 biashara ya tanzanite ikahamishiwa Mererani, kwenye machimbo yenyewe, mabroka waliokuwa wanasimama mjini wakaondoka na mifuko yao, na mama waliokuwa wanawauzia chakula cha mchana wakabaki na masufuria. Sipingi kwamba Mererani nao wana haki na jiwe lao. Nasema tu kwamba tulishapata mafunzo mawili nje ya corona na hatukuyashika.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Mji huu una maelfu ya magari ya utalii yanayokula matairi kwenye kokoto za Serengeti kila wiki. Mji huu huu ulikuwa na kiwanda cha matairi, General Tyre, kilichoanza kazi miaka ya sabini mwanzoni. Kikasimama, na sasa tunanunua matairi ya kutoka nje kwa fedha ya mgeni yule yule tunayejisifu kwamba anatuletea fedha. Dola inaingia kwa mlango wa KIA na kutokea kwa mlango wa dukani kabla haijalala hata usiku mmoja. Mtu akiniuliza mustakabali wa uchumi wa Arusha, simuonyeshi idadi ya watalii. Namuuliza: katika kila mia ya mgeni, ngapi inabaki ikageuka kitu kitakachouzwa siku mgeni hayupo?

Sasa hivi wimbo ni AFCON ya 2027 tuliyopewa kuandaa na Kenya na Uganda. Uwanja wa watu 30,000 ulianza kujengwa hapa Arusha, na kila mwenye nafasi anajenga gesti. Nauliza tu, baada ya mashindano ya mwezi mmoja, kitanda cha tano cha gesti yako atakilalia nani?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nao ni mmoja tu hata nikiusema mara kumi. Kabla hujaita kitu biashara ya pili, mfuate mnunuzi wako wa mwisho mpaka umjue sura. Unauza mayai? Anayekula ni nani? Unapangisha? Mshahara wa mpangaji unatoka wapi? Ukikuta mwisho wa kamba kuna mgeni aliyeshuka KIA, hiyo si biashara ya pili, ni ile ile ya kwanza. Tafuta kitu ambacho jirani yako atakinunua hata anga likifungwa. Mtanzania mwenzako anayetaka kwenda Tarangire na watoto wake Desemba, mhesabu pia. Kampuni nyingi bado zinamuona msumbufu kwa sababu analipa kwa shilingi. Mwaka 2020 tungempokea kwa magoti.

Na rejesho lako lisipangwe kwa hesabu ya Agosti. Lipange kwa hesabu ya Aprili, mvua inanyesha, simu haiiti, loji zimefunga kwa ukarabati. Ukiweza kulipa Aprili, chukua mkopo. Ukiona Aprili unahitaji mayai ya hoteli ili ulipe, rudia kusoma hapo juu.

Sikukatazi kununua gari. Kazi hii naipenda, na mgeni anapomuona chui kwa mara ya kwanza mimi bado nafurahi kama yeye. Nunua siku utakapokuwa na nusu ya bei mkononi na kitu kingine kinacholisha nyumba. Kama benki wanataka dhamana, iwe gari lenyewe. Kiwanja cha mama yako kilinunuliwa kwa miaka ambayo wewe huijui, na akikuridhia si kwa sababu amepiga hesabu, ni kwa sababu wewe ni mwanawe.

Mwambie hati airudishe kabatini. Kisha Jumamosi njoo Kilombero, Canter yetu inashusha saa kumi na moja alfajiri upande wa vitunguu. Njoo na zile karatasi za benki tuzisome pamoja, mke wangu ana jicho la makato madogo madogo kuliko mimi. Vaa koti, kuna baridi.